Paa Hana Meno ya Juu

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini goti linakuruhusu kupanda ngazi, na kwamba binti yako ameacha kukuficha chumvi. Sisi hatujambo, isipokuwa mama alianguka jikoni mwezi uliopita. Hakuvunjika kitu. Daktari amemkataza kuinama na kushika jembe, naye amemwambia daktari ashughulike na wagonjwa. Nimechukua likizo yote niliyoilimbikiza nikaja kukaa naye. Kwangu ghorofani hataki kuhamia. Anasema nyumba isiyo na udongo ni kabati.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi: nitaizungushia bustani yake uzio, ajichumie mboga mlangoni bila kuhangaika na mtu, kisha nirudi kazini. Lifti za mji mzima zinanisubiri. Tatizo ni swala. Wanatoka kwenye kile kichaka nyuma ya nyumba, wanakula kabichi, maharage, hata maua ya maboga. Nimepiga kelele, nimegonga sufuria. Ungekuwa na simu tungemaliza jambo hili kwa dakika mbili, lakini najua msimamo wako. Basi niandikie: swala anazuiwaje?

Mama anakusalimu. Amesema, "Mwambie Kongosho asiandike kitabu."

Mpwa wako


21 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti linaendelea na tabia zake. Binti yangu amehamishia chumvi kwenye duka lake la dawa, eti huko sitaifikia. Mjukuu ameng'oka meno mawili ya mbele, ya juu, na sasa karoti anaila kwa shavu kama mtu anayepiga filimbi. Kumbuka hilo la meno, nitalirudia. Mwambie dada yangu pole ya kuanguka, na umwambie pia kwamba wanafunzi waliniita Kongosho kwa sababu katika shule nzima, mwalimu mkuu akiwemo, ni mimi peke yangu niliyejua kongosho lilipo.

Simu ni ya kuulizana umefika wapi. Mambo yenye maana huandikwa.

Sasa, swala. Kwanza, huna swala. Swala anataka uwanda wa kukimbilia, na kichaka chenu hata mkono hauwezi kunyooka ndani yake. Ulichonacho ni paa, mnyama mwenye kimo cha stuli ya jikoni, mwoga kuliko wewe siku ya sindano. Wewe unayepandisha watu ghorofa ya kumi na mbili kwa kubonyeza kitufe umeshindwa na kiumbe kinachokimbia jani likianguka. Ukoo wetu umewahi kuaibika, lakini si kwa mnyama wa kimo hicho.

Pili, huwezi kumzuia mnyama usiyemjua. Nenda kaangalie majani yaliyoliwa. Paa hana meno ya mbele ya juu, ana ufizi mgumu tu. Kwa hiyo hakati. Anabana na kuvuta, na jani linabaki na ncha zilizochanika kama karatasi iliyonyofolewa daftarini. Ndiyo maana nikakutajia mjukuu. Sungura ana meno juu na chini, naye hukata mshazari, safi. Ngedere hung'oa mmea mzima, akaonja, akatupa, kama wageni fulani wa harusini. Nungunungu hana habari na majani, hufukua. Kila mwizi ana mwandiko wake. Usome, uniambie umeona nini, ndipo nikuambie la kufanya.

Usifanye lolote kabla ya barua yangu nyingine. Nakujua.

Mjomba wako


9 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Pole na goti. Mama ameanza kutembea hadi barazani bila kushika ukuta. Anakaa pale na redio yake na kutoa amri.

Barua yako ilifika nikiwa tayari nimefanya mambo mawili. Nilisimamisha sanamu ya mtu katikati ya bustani, nikaivisha ovaroli yangu ya kazi, ile yenye mistari inayong'aa. Halafu nikatundika kwenye mti kioo kikubwa cha lifti iliyozeeka, kizunguke na upepo na kumulika huku na huku. Siku ya kwanza hakuja mnyama. Siku ya pili hakuja. Baadaye mama akaniita barazani akasema, "Njoo uone mgeni wako." Paa alikuwa amesimama mbele ya kioo akijitazama ubavu. Kisha akajikuna shingo kwenye ovaroli.

Cheka, lakini majani nimeyasoma kama ulivyoagiza. Yamechanika. Ni paa, nakubali. Sasa niambie uzio unajengwaje, na uniambie kwa kifupi, maana ninayefundishwa hapa kilimo ni mimi, na mwalimu wangu ni mtu ambaye mnanaa wake ulikauka kwenye ndoo, kwenye roshani, karibu na bomba la maji.

Mpwa wako


24 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Hatujambo. Mnanaa ule ulikuwa na ugonjwa wa mizizi, na sitaujadili na mtu aliyempelekea paa kioo. Kosa lako ni kusahau kitana.

Nieleze kwa nini ulishindwa, maana kushindwa bila kuelezwa ni hasara mara mbili. Mnyama haogopi kitu, anaogopa asichokijua. Ulipoisimamisha ile sanamu, paa alikaa pembeni kichakani akaichunguza, kama wewe unavyochunguza nyumba ya mtu kabla ya kubisha hodi. Akaona haisogei, hairushi jiwe, haikohoi. Kitisho kisichofanya kitu kinageuka samani. Hata mwalimu anayepiga kelele kila kipindi huishia hivyo. Nimefanya kazi na watatu wa namna hiyo.

Kwa hiyo uzio. Nunua wavu wa waya wa kufika kifuani. Usiufukie wima ardhini kama wafanyavyo wavivu. Sehemu ya chini ikunje kuelekea nje, upana wa mkono tangu kiwiko hadi vidole, uilaze juu ya ardhi na kuikandamiza kwa mawe mpaka nyasi ziote juu yake. Sababu ni hii: paa haruki kwanza, anaanza kusukuma kwa pua pale uzio unapogusa ardhi. Akisukuma hapo anakuwa amekanyaga wavu uleule anaojaribu kuuinua. Atahangaika, ataondoka, wala hatajua kilichomshinda. Upande wa kichakani funika wavu kwa magunia. Mnyama asiyeona atakapotua haruki. Laiti watu nao wangekuwa hivyo, tungepunguza ndoa nyingi.

Mlango uwekee bawaba za kuufanya ujifunge wenyewe. Hilo nadhani unaliweza, milango ndiyo kazi yako.

Na jambo moja nje ya somo. Dada yangu ameniandikia kwamba unapika vizuri na kwamba unaongea sana. Kwa mtu mwenye mwana aliye mwendo wa asubuhi moja kwa basi, na anayemwona mwisho wa mwaka akija na maua ya plastiki, hayo ni malalamiko ya kupendeza. Nimekunukulia tu.

Mjomba wako


18 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Habari njema kwanza. Uzio umesimama. Wavu chini nimeukunja nje kama ulivyosema, magunia upande wa kichaka, mlango unajifunga taratibu kama wa lifti mpya, bila kubamiza. Mama aliukagua wote akiwa ameshika mkono wangu. Alipitisha mkono juu ya magunia akasema mshono wa pembeni umepinda. Mtu aliyekata na kushona sare za shule tangu ujana hawezi kuona kitambaa akanyamaza.

Na nilimwona paa kwa macho yangu. Alikuja, akasukuma kwa pua, akakanyaga wavu, akasukuma tena, akatazama miguu yake kama mtu aliyesimama juu ya funguo anazozitafuta. Akaondoka. Nilipiga makofi. Nikamwambia mama, "Basi imekwisha. Jumamosi naondoka, uishi kwa raha."

Mama akasema, "Vizuri." Akazima redio, na ilikuwa inasoma habari.

Sasa habari mbaya. Ijumaa asubuhi nimeamka nikakuta kabichi zimeliwa. Ndani ya uzio. Mlango umefungwa, wavu mzima, mawe mahali pake. Nimezunguka uzio wote kwa magoti na sikuona hata tundu la kupitisha panya. Nimempigia bosi wangu kwamba nitachelewa kidogo. Hakufurahi.

Mama amenifariji sana. Amesema paa ni mnyama mjanja, na kwamba kazi ya haraka siku zote ina mlango wa nyuma.

Kwa hiyo, Mjomba, uzio wako una kasoro. Nasubiri maelezo, na safari hii sitaki hadithi ya ndoa za watu.

Mpwa wako


30 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Mjukuu meno yameanza kuchungulia. Goti langu limeanza kutabiri mvua, na kila siku linakosea.

Uzio wangu hauna kasoro. Kanuni zake ni za mifupa na misuli ya mnyama, na hizo hazibadiliki kwa sababu wewe umehama na nyundo kutoka mjini. Ama uliacha mlango wazi, ama ulimfungia paa ndani, ukalala ukimlinda dhidi ya walio nje. Nimewahi kumwona bawabu wa shule akifanya hivyo na mwizi, na asubuhi akapongezwa kwa kuwa hakuna aliyeingia.

Umeniandikia "zimeliwa". Hilo si neno la mtu aliyefundishwa. Zimeliwaje? Nilikupa somo zima la meno na wewe unaniletea "zimeliwa". Kata shina moja lililobaki, ulifunge kwenye karatasi kavu, unitumie. Niambie pia zipi zimechukuliwa na zipi zimeachwa. Usinipe maoni yako, nipe ulichoona.

Mjomba wako


15 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Shina nimeliweka humu, natumaini halitafika likinuka. Ulitaka nilichoona. Haya.

Majani hayajachanika. Yamekatwa mara moja, wima, sawasawa, kama kwa rula. Pia si mshazari. Kabichi zilizokwenda ni zile ndogo, zile zilizokuwa zimebanwa na jirani zake. Kubwa zote zipo na zinanenepa. Kwenye tuta la karoti ni vilevile: moja imetoka, inayofuata imeachwa, na udongo umesawazishwa. Bustani inaibiwa kila siku na inazidi kupendeza. Sijui ni ugonjwa gani huu.

Kwa kuwa hukuniamini, nimefunga mlangoni lile jicho linalozuia mlango wa lifti usimbane mtu. Kitu kikipita mbele yake, kengele inalia chumbani kwangu. Juzi alfajiri ililia. Nilikimbia na viatu mkononi. Nikamkuta mama ndani ya bustani, amejifunga kanga mbili kwa baridi.

"Mama, umefuata nini huku?"

"Nimesikia kengele yako nikaja kuona."

"Umeona nini?"

"Nimekuona wewe bila viatu."

Nikamwambia anaweza kuanguka tena. Akaniambia yeye haanguki nje, nje kuna udongo. Mnyama alikuwa ameshaondoka. Mama ana masikio kuliko mimi, alifika kabla yangu.

Jirani yetu, yule mama mfuga sungura, ndiye anayemtia moyo. Anakuja kila siku na kapu kumjulia hali, na wanacheka barazani mpaka najiuliza wanachekea nini katika hali kama hii. Bosi amenipigia tena. Amesema kuna vijana wengi wanaojua lifti. Nimemwambia mama, akaniuliza kama nitapenda maharage jioni.

Nifanye nini? Siwezi kumwacha na mnyama nisiyemjua. Na siwezi kukaa hapa mpaka uzee.

Mpwa wako


17 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua hii imechelewa, wala si kosa la posta. Niliandika nyingine kwanza, ndefu, yenye michoro ya taya. Nilikuwa nimefurahishwa sana na akili yangu. Jioni nikamsomea binti yangu kwa sauti, na katikati ya ukurasa wa pili nikaikunja, nikamwambia mboga zake zinaungua. Hakuwa anapika. Barua ile haitakuja.

Shina nimelitazama kwa lenzi. Si paa. Si sungura, si ngedere, si nungunungu. Nikukumbushe jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili angeliona kabla ya kuvaa viatu: mnyama akiingia bustanini huanza na kabichi bora, ndiyo maana anachukiwa. Huyu wako anachukua dhaifu ili zenye nguvu zipate nafasi, kisha anasawazisha udongo. Wewe umekaa naye miezi, umemfungia jicho la lifti, umemfikia akiwa kazini, na bado unaniandikia kuuliza ni nani. Nimefundisha watoto wagumu, mpwa wangu, lakini wale walikuwa na udhuru wa kusinzia.

Sitamtaja. Nimezoea kutaja kila kitu kwa jina lake, na hili ndilo la kwanza ninalolikalia kimya, kwa hiyo usidhani ni rahisi.

Nilimwandikia mama yako pembeni kumuuliza kama kuna mnyama amemwona. Nilimwandikia pia kwamba yule mwenye tabia hiyo anaweza kumfukuzisha mtu kazi. Amenijibu mstari mmoja: "Kongosho, shughulika na goti lako." Chini yake, kwa mwandiko mdogo, ameongeza: "Wiki hii hataonekana. Mwambie aende kazini."

Basi nenda kazini. Uzio ni mzuri, niliubuni mimi. Lakini kuna kanuni moja ya uzio sikukuambia. Lazima ukaguliwe kila mwisho wa wiki, na mtu aliyeujenga kwa mikono yake. Kibarua hafai, wala jirani mwenye kapu. Mkaguzi afike Ijumaa, alale hapo, ale hapo, azunguke bustani taratibu bila kutazama saa, na aondoke Jumapili baada ya chakula. Uzio usiokaguliwa hivyo, mnyama huyu ataingia hata ukiujenga kwa chuma cha reli. Usiniulize kitabu. Hakipo kitabuni.

Jicho la lifti liondoe. Alfajiri ni baridi na kengele inamshtua asiyestahili.

Mjomba wako


12 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Poleni na baridi. Mpe hongera mjukuu kwa meno.

Nimerudi kazini. Bosi alinipokea kwa maneno ambayo sitayaandika kwenye barua ya kumfikia mzee. Lifti ya hospitali ilikuwa imekwama, nikaitengeneza, akapoa.

Tangu utoto umenifundisha kwamba jibu lisilo na sababu ni uvumi. Ukanichapa na rula kwa kusema "basi tu". Leo unaniletea kanuni ya uzio isiyo na kitabu, isiyo na mifupa wala misuli, na unataka niipandie basi kila Ijumaa. Ijumaa ya kwanza nilikaa na barua yako garini njia nzima nikikudharau. Nilikuwa nimefika nusu ya safari nilipokumbuka ule mshono wa magunia, na jinsi alivyopitisha mkono juu yake, na ni nani katika ukoo wetu anayeweza kukata kitu sawasawa bila rula.

Nilifika, nikakagua uzio taratibu kama ulivyoagiza. Hakuna kilichokatwa wiki nzima, alitimiza neno lake. Tukala maharage. Alinieleza habari za sungura wa jirani, ambao ni wanene kupita kiasi, akaniuliza kama lifti ikikatika kamba watu wanajua. Nikamweleza kwamba kamba ziko nyingi na kuna breki. Akasema, "Kumbe." Nadhani hilo lilikuwa likimsumbua tangu nianze kazi hiyo.

Jumapili asubuhi, kabla sijafunga begi, kabichi moja ndogo ilikuwa imekwenda. Moja tu, pembeni. Nikamwita.

"Mama, paa amerudi."

"Nilikuambia ni mjanja."

"Itabidi nije tena Ijumaa."

"Kama huna kazi," akasema, akawasha redio.

Kabla ya kuondoka niliingia jikoni kutafuta kile kisu chake kidogo cha mboga. Kilikuwa nyuma ya kopo la chai, kina udongo kwenye mpini. Kilikuwa kimeanza kuwa butu; ukikata shina gumu nacho, kinaweza kuteleza kikakukata. Nimekinoa vizuri, nikakirudisha palepale.

Mpwa wako